Sina uwezo wa kulipia tiba ya wasiwasi: je, nitapona?

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34 na ni mama wa watoto wawili. Kwa miezi minane sasa naishi roho juu: nikiamka nawaza kodi, nikifika kazini nawaza kama watoto wamefika salama, usiku nawaza nikifa watalelewa na nani. Miezi mitatu iliyopita, nikiwa ndani ya basi, moyo ulianza kwenda mbio, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Hospitalini nilipimwa moyo na damu, nikaambiwa sina ugonjwa wa moyo na kwamba huo ni wasiwasi, kisha nikaelekezwa kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilipouliza gharama, niliona kwamba kikao kimoja kila wiki kingemaliza zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Tangu siku ile sijapanda basi. Natembea kwa miguu saa nzima kwenda kazini. Jirani amenipa vidonge vyake vya usingizi na nimekwisha kuvimeza mara mbili. Je, nitapona bila mtaalamu, au nitazidi kuharibikiwa? Na je, nimweleze mume wangu?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio, maana maelezo yako yamenirahisishia kazi. Nianze na swali lako kuu. Watu wengi wenye hali kama yako hupata nafuu kubwa bila kukaa na mtaalamu kila wiki, na wewe una sababu nzuri za kutumaini hivyo: umekwisha kupimwa, unaendelea kufanya kazi, na unajua kutaja kinachokusumbua. Sisemi hivyo ili kukupoza moyo. Tiba iliyothibitishwa zaidi kwa tatizo la wasiwasi, ile inayoshughulikia fikra na mienendo ya mtu, haifanyi kazi yake nzito ndani ya chumba cha mtaalamu. Kazi hiyo hufanyika kati ya kikao na kikao, mgonjwa anapokwenda mwenyewe kukabili kile alichokuwa akikikimbia. Mtaalamu huelekeza, hurekebisha na hutia moyo, na sehemu kubwa ya maelekezo yake inaweza kuandikwa, kama nitakavyofanya hapa.

Wala si wewe peke yako uliyekwama kwenye gharama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni takriban mtu mmoja tu kati ya wanne wenye kuhitaji tiba ambaye huipata.

Kilichokupata ndani ya basi huitwa shambulio la hofu, na ni muhimu ukielewe hatua kwa hatua, kwa sababu kutokielewa ndiko kunakokipa nguvu. Ubongo unapohisi hatari, iwe ya kweli au ya kudhaniwa, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi ili kupeleka damu kwenye misuli, jasho hutoka ili kuupoza mwili, tumbo husokota kwa sababu umeng'enyaji umesimamishwa kwa muda, na pumzi huwa za haraka. Ukipumua haraka kupita mahitaji ya mwili uliokaa tu kitini, unatoa kabonidioksaidi nyingi mno, na kupungua kwa gesi hiyo katika damu ndiko kunakoleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na ile hali ya kujiona kama uko mbali na mwili wako. Ulihisi unakosa hewa, kumbe ulikuwa na hewa ya kutosha na kuzidi. Vivyo hivyo hofu ya kuzimia: mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka, ilhali katika shambulio la hofu kwa kawaida shinikizo hupanda, na ndiyo maana wengi huhisi kwamba wanakaribia kuzimia lakini wachache sana huzimia kweli.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza mzunguko ambao hadi leo ndio msingi wa tiba ya hali hii. Mtu huhisi badiliko dogo mwilini, hulitafsiri kuwa dalili ya maafa, tafsiri hiyo humwogopesha, woga huongeza adrenalini, badiliko lile dogo huwa kubwa zaidi, naye huona kwamba tafsiri yake ilikuwa sahihi. Mzunguko huo hupanda kwa kasi, mara nyingi ukifika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka wenyewe kwa sababu mwili hauwezi kudumu katika kilele hicho. Hushuka hata usipofanya lolote. Naomba ulitafakari jambo hili la mwisho, kwa kuwa wewe uliteremka au ulikimbizwa hospitalini, na akili yako ikahitimisha kwamba kuondoka ndiko kulikokuokoa.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika jibu hili. Kinachokuza wasiwasi ni kukwepa. Kila asubuhi unapopita kando ya kituo cha basi na kuendelea kwa miguu, unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ni malipo ambayo ubongo wako huyapokea kwa kukimbia. Kesho yake utataka kukimbia tena, na basi litaonekana la hatari zaidi ya jana, ingawa halijakufanya lolote. Nimewaona watu walioanza kwa kukwepa basi, wakafuatia soko, kisha foleni, kisha nyumba za ndugu, hadi dunia yao ikabaki chumba kimoja. Wewe hujafika huko. Miezi mitatu ni muda mfupi wa kutosha kuyarekebisha haya, na ndiyo sababu nakuhimiza uanze na basi kabla ya kushughulikia mawazo ya usiku.

Chukua daftari. Andika hatua kama saba au nane za kulirudia basi, ukizipanga kuanzia ile inayokutia hofu kidogo hadi ile usiyoweza hata kuifikiria sasa, na kila hatua uipe alama ya woga kati ya 0 na 10. Kwako hatua ya kwanza inaweza kuwa kusimama kituoni dakika 20 ukitazama mabasi yakija na kuondoka, bila kupanda. Ya pili, kupanda basi lililo tupu pamoja na mtu unayemwamini hadi kituo kinachofuata. Ya tatu, safari hiyo hiyo peke yako. Kisha vituo vitatu. Kisha safari nzima wakati hakuna msongamano. Mwisho kabisa safari nzima asubuhi, umesimama, basi limejaa. Anza na hatua unayoipa alama 3 au 4. Irudie mara nne au tano kwa wiki, si mara moja kila ukipata ujasiri, kwa maana ubongo hujifunza kwa kurudiarudia mambo yaliyokaribiana. Hatua ikishakuwa ya kuchosha zaidi ya kuwa ya kutisha, nenda kwenye inayofuata.

Kabla ya kila zoezi andika sentensi moja ya kile unachoamini kitatokea: "Nitazimia mbele za watu," au "Moyo utasimama." Baada ya zoezi andika kilichotokea kweli. Usiruke sehemu hii hata kama inaonekana ya kitoto. Kinachoponya ni ushahidi unaokusanyika kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba ulichokitarajia hakikutokea, hata pale ambapo woga haukushuka haraka. Kanuni ninayokusihi uifuate ni moja: usishuke wakati hofu iko kileleni. Ukishuka hapo, zoezi limekufundisha kukimbia. Ukisubiri ipungue, hata kama imebaki nusu, limekufundisha kukaa. Ikitokea umeshuka mapema, usijilaumu wala usiache. Rudia hatua hiyo siku inayofuata, au igawe mara mbili.

Angalia pia vitu vidogo unavyovitumia kama hirizi bila kujua: kukaa karibu na mlango, kushika chupa ya maji muda wote, kujipima mapigo ya moyo kwa vidole, kumpigia mtu simu ili akusemeshe njia nzima. Mwanzoni unaweza kuvivumilia, lakini viondoe kimoja kimoja, kwa kuwa vikibaki, akili itavipa vyenyewe sifa ya kukuokoa.

Huenda unashangaa kwamba sijaanza na mazoezi ya kupumua, ambayo ndiyo ushauri wa kwanza wa wengi. Yanasaidia, nami nayapenda, ila kwa mahali pake. Vuta hewa taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo likitanuka kuliko kifua, kisha itoe ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika tano kila siku ukiwa umetulia, ili mwili uzoee. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ambamo watu walifanya mazoezi ya dakika tano kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja, na waliorefusha pumzi ya kutoka walionyesha ongezeko kubwa zaidi la hisia njema kuliko waliofanya tafakuri ya kimya. Lakini ndani ya basi, usipumue kwa lengo la kuifukuza hofu. Ukifanya hivyo, pumzi nayo itakuwa hirizi, na siku isipofanya kazi utaogopa maradufu. Ndani ya basi pumua kawaida, iache hofu ipande na kushuka, uitazame kama mvua unayoitazama kupitia dirishani.

Kuhusu vidonge vya jirani, naomba uvirudishe leo. Sijui ni vya aina gani, na wewe hukunitajia jina la dawa hiyo, lakini vidonge vingi vya usingizi na vya kutuliza vinavyopitishwa mkono kwa mkono ni vya jamii ya diazepamu. Hivyo huleta utulivu wa haraka, mwili huvizoea ndani ya wiki chache, kisha huvidai, na vikichanganywa na pombe au na dawa kali za maumivu vinaweza kuzuia upumuaji. Mara mbili ulizomeza hazijakudhuru kwa namna hiyo, kwa hiyo kuacha hakutakuletea shida. Msomaji mwingine ambaye amekuwa akivitumia kila siku kwa wiki au miezi asiviache ghafla, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege; amwone daktari ili apunguziwe dozi polepole. Pombe nayo hufanana na vidonge hivyo kwa tabia: hutuliza jioni, na usiku wa manane hukuamsha na wasiwasi mkubwa kuliko ule uliolala nao.

Sasa mawazo. Katika barua yako umechanganya aina mbili za wasiwasi ambazo hazitibiwi kwa njia moja. Kodi ni tatizo. Swali la nani atalea watoto ukifa, kwa mwanamke mwenye miaka 34 aliyeambiwa moyo wake ni mzima, ni dhana isiyo na jibu la usiku huu. Unapoanza kuwaza, jiulize kwanza: je, kuna kitu ninachoweza kukifanya kuhusu jambo hili ndani ya siku chache zijazo? Kama kipo, andika kitu hicho na siku utakayokifanya. Kama hakipo, jambo hilo lina saa yake.

Saa hiyo si maneno ya kupamba. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake walijaribu njia ya kuwatengea watu wenye wasiwasi nusu saa ya kuwaza kila siku, mahali pamoja na wakati uleule, na muda wao wa kuwaza kwa siku ukapungua. Chagua wakati, tuseme jioni, ila usiwe karibu na kulala wala usiwe kitandani. Mawazo yakija asubuhi, yaandike kwa maneno matatu na uyaambie yasubiri. Kisha rudi kwenye ulichokuwa ukikifanya, ukizingatia unachokiona na kukishika. Jioni fungua daftari, uyawaze yote kwa bidii. Utaona mengi yamepoa, na yasiyopoa utayakabili ukiwa macho badala ya kupambana nayo gizani. Usijaribu kuyakataza mawazo yasije. Wazo linalokatazwa hurudi mara nyingi zaidi. Kuahirisha ni rahisi kuliko kukataza.

Kuhusu kodi na mshahara, sitakudanganya kwamba pumzi na daftari vitalipa madeni. Mtu mwenye kipato kidogo ana mambo ya kweli ya kumtia wasiwasi, na tiba inayoyapuuza humdhalilisha. Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafunza kina bibi wa mitaani, wasio na shahada yoyote ya tiba, kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao katika viwanja vya kliniki na kuwasaidia kutatua matatizo yao moja moja. Hali iliyotibiwa pale wenyewe huiita kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na neno zima humaanisha kufikiri kupita kiasi, ingawa masikio ya Mswahili hulisikia kama mtu aliyefungwa na mawazo yake, nami naona pande zote mbili zinasema kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha wagonjwa 573, waliokaa na kina bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Walichokifanya unaweza kukifanya wewe na mtu mmoja mwenye busara. Orodhesha matatizo yote. Chagua moja tu, lile ambalo likipungua mengine yatalegea. Andikeni njia zote zinazowezekana, hata zile za ajabu, bila kuzihukumu. Kisha mchague moja na kuipasua kuwa kitendo kidogo cha wiki hii, kwa mfano kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu tarehe ya kulipa kabla tarehe haijapita. Wiki inayofuata mkutane tena mwangalie kilichotokea.

Kutembea kwako nako kuna sura mbili. Kwa mwili ni jambo jema sana: Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, nawe unazipita, na mazoezi ya mwili hupunguza wasiwasi. Ila unatembea kwa kukimbia basi, na kwa sababu hiyo saa ileile inayoujenga mwili inalisha hofu. Ukisharudi kwenye basi, endelea kutembea, lakini wakati mwingine na kwa sababu nyingine. Kama unakunywa kahawa au chai nzito, acha baada ya saa sita mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano baadaye, na mapigo ya moyo inayoyaleta hufanana mno na yale unayoyaogopa. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, na ukikaa kitandani bila usingizi kwa kama dakika 20, inuka ukae kwenye mwanga hafifu hadi usingizi utakaporudi.

Ili usitegemee hisia za siku moja kujua kama unaendelea vizuri, tumia dodoso fupi liitwalo GAD-7, lililotungwa mwaka 2006 na linalotumika bure. Lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 21. Alama 10 au zaidi huashiria kwamba unahitaji kutathminiwa na mtaalamu wa afya. Halitoi hukumu ya ugonjwa. Lijaze leo, na tena kila baada ya wiki mbili. Lipo pia chapisho la michoro la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020 la kukabiliana na msongo wa mawazo, lenye sauti za kufuatisha mazoezi, linalopatikana bure kwenye intaneti katika lugha nyingi.

Yapo mambo ambayo sitaki uyabebe kwa daftari. Ukianza kufikiria kujiua au kujidhuru, ukishindwa kuamka na kuwahudumia watoto, au alama zako zikibaki juu baada ya wiki sita hadi nane za juhudi ya kweli, rudi hospitalini. Na kwa lile la kwanza nenda siku hiyohiyo, ukiwa na mtu. Maumivu ya kifua yanayokuja unapofanya kazi nzito, au kuzimia kweli, yapimwe upya bila kuambiwa ni wasiwasi tu. Uliza pia kama katika vile vipimo vya damu walipima tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu huiga wasiwasi vizuri sana. Daktari wa kawaida anaweza kukuandikia dawa kama fluoksetini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na kwa kuwa hutengenezwa na viwanda vingi, mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko vikao. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, wakati mwingine huongeza wasiwasi siku za mwanzo, na haileti uraibu wa aina ya diazepamu. Tena, kuhusu mtaalamu uliyeelekezwa kwake: muulize waziwazi kama anaweza kukuona mara moja kwa mwezi huku wewe ukifanya mazoezi katikati, kama ana vikao vya kikundi, au kama anajua kliniki ya chuo ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi. Wataalamu wengi hawayatangazi haya, lakini wakiulizwa hujibu.

Umeuliza kama umweleze mume wako. Mweleze, tena kabla hujaanza hatua ya pili, kwa sababu utamhitaji ndani ya basi. Chagua wakati ambao hamna ugomvi wala haraka, umwambie kilichotokea siku ile, ulichoambiwa hospitalini, na sababu ya kweli inayokufanya utembee kwa miguu, maana huenda anadhani unabana matumizi. Kisha mwombe jambo mahususi, kwa kuwa mtu anayekupenda asipojua la kufanya atakuambia uache kuwaza, au atajitolea kukufanyia kila kitu, na yote mawili yatakurudisha nyuma. Mwombe akae kiti cha nyuma yako, asikushike mkono, asikuulize kila dakika kama uko salama, na ukimwambia kwamba unataka kushuka, akujibu kwa upole: "Tungoje kituo kimoja zaidi."